Njia ya Kushuka Mgongo

Nkambo yangu, yule mama aliyemzaa mama yangu, alikuwa na mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguka. Mvua ikianza, aliuvingirisha ndani ya kitenge na kuubana kwapani, usiloe. Sisi wajukuu tulilowa, yeye mwenyewe alilowa mpaka maji yakamchuruzika puani, lakini mwavuli ulifika nyumbani mkavu kama siku ulipotoka dukani. Kazi yake ilikuwa nyingine. Ncha yake ya chuma njo alichimbia uyoga, na njo yetu ni ndiyo yenu. Mvua za kwanza zikishapita na jua kurudi kidogo, tulitoka naye mapema. Wakati ule msitu ulianza karibu. Uliweza kusimama ndani ya miti na bado ukasikia king'ora cha kiwanda kikiita wanaume kazini. Nkambo alitangulia, akidunga majani makavu, tok, tok, kama mgeni anayebisha hodi, na mara ardhi inamjibu: uyoga huu hapa, mweupe, ule mkubwa unaoota ubavuni mwa kichuguu, mpana kuliko sinia. Siku moja mvua ilitukuta huko, akaung'oa mmoja akanivika kichwani. Basi mimi ni mtu aliyewahi kujikinga mvua kwa uyoga huku mwavuli uko palepale, kwapani mwa nkambo. Ukiniita mwongo, sawa. Hata kaka zangu waliokuwepo walinibishia mpaka walipokufa.

Sijui kwa nini naanza na yeye. Nilitaka kuandika habari za njia za kinga, maana baiskeli sisi huku tunaiita kinga, na za mtu mmoja niliyeshuka naye kilima karibu maisha yote. Lakini shule niliiacha kabla haijanizoea, na mtu wa namna yangu akishika kalamu anaanza pale mguu unapokanyaga. Labda ni kwa sababu ya njia. Nkambo hakuwa anatafuta njia. Alitembea akizungumza na watu waliokufa zamani, anawagombeza, anawacheka, na njia ilikuwa chini ya miguu yake. Nikimuuliza, nkambo, unajuaje tutokee wapi, alisema: "Usiiangalie sana. Ukiiangalia sana inakimbia." Nilipokua mkubwa na kazi zikaisha mjini, nilirudi kwenye njia zilezile. Uyoga sikuutafuta tena. Niliifuata ile miti yenyewe, ikishachomwa na kuwa makala, mkaa wa kupikia.

Anayepika kwa makala mjini haijui safari yake. Anaona mfuko umesimama mlangoni, anatia moto, anapika bukari, ugali wetu, basi. Sisi tuliuleta. Tulitoka mtaani kwetu Hewa Bora na kinga tupu, tukapita nyuma ya Luano kule ndege zinapotua, tukaingia porini siku nzima, mpaka kwa wapikaji wa makala wenye matanuru yao ya udongo yanayotoa moshi kama mtu anayevuta tumbaku usingizini. Kesho yake tulirudi na mifuko imepangwa juu ya kinga mpaka ukitutazama kutoka mbele huoni mtu, unaona mlima wa mifuko unatembea wenyewe na kukohoa.

Kinga yenyewe usiifikirie kama unayoijua. Tuliikaza kwa vyuma vya ujenzi. Tulifunga fimbo moja kwenye usukani ili uweze kuiongoza ukiwa pembeni, na nyingine nyuma ya kiti ya kusukumia. Pedali tuliziondoa, zinakupiga miguu. Freni nazo tulizing'oa, kwa uzito ule zilikuwa mapambo tu kama hereni. Kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kinga ambao hawakupanda kinga. Watoto wa barabarani walitucheka: "Papa, kinga iko yako ao weye njo uko ya kinga?" Nami niliwajibu, "Tulioana ku kanisa, muache kutusumbua."

Njia zenyewe nikifumba macho naziona zote. Kuna ile ya vichuguu, baada ya Luano, inapindapinda kati ya vichuguu vikubwa kama unapita katikati ya wazee waliolala mchana, unatamani kusema samahani. Hapo ndege inashuka juu yako, kivuli chake kinakuja mbio kwenye nyasi, kinapanda juu ya mifuko yako, kinateremka upande wa pili, kinaenda zake. Hakikusaidii kubeba hata kidogo. Lakini kwa muda ule mdogo kuna baridi, na wewe unafikiri: kuna mtu huko juu anakunywa kahawa na hajui kwamba amenifunika. Kuna njia ya matofali, palipokuwa na matanuru ya zamani. Vumbi lake jekundu ni laini kama unga, gurudumu halitoi sauti, unasikia pumzi yako tu na unaweza kulala huku unatembea. Mimi nililala pale mara nyingi. Niliota, tena ndoto ndefu zenye watu ndani yake, na nilipoamka bado nilikuwa nasukuma. Kuna njia ya mto, nyasi zinakupita kichwa, umande unakuosha mpaka mbavuni, na mbele husikii kitu ila kinga ya mwenzako ikilia kwii, kwii, kama ndege asiye na haraka.

Halafu kuna Mgongo.

Mgongo ni kilima. Ukikitazama kutoka mbali ni kama mtu mkubwa amelala kifudifudi, mabega upande wa msitu, matako upande wa mji. Kukipanda kutoka mjini na kinga tupu ni jasho tu. Kazi ni kukishuka na mzigo. Njia inateremka juu ya mawe yaliyolegea, inakata kushoto, inakata kulia, na chini kabisa inanyooka kuelekea mtoni. Mwanaume mmoja hawezi kuushikilia mzigo pale. Akijaribu, kinga inamburuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni, halafu inamwacha kando na kwenda kuanguka peke yake.

Basi sisi tulikuwa na desturi ya kamba. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kamba. Mkifika juu, kinga moja inalazwa kwenye mti, na ya pili inafungwa kamba ya mpira chini ya kiti cha nyuma. Mwenyewe anashika usukani, na mtu wake wa kamba anabaki nyuma, anaizungusha kamba kiunoni, anakaa juu ya visigino kama anakaa kitini, na wanashuka hivyo, mmoja anavutwa, mwingine anavuta nyuma. Mlikuwa na maneno mawili tu. "Kaza!" na "Legeza!" Mkifika chini mnaiegemeza ile kinga kwenye mti, mnapanda tena wote wawili, mnaifunga ya pili, na sasa aliyekuwa mbele anakuwa nyuma. Hakuna aliyeshuka akaendelea na safari. Aliyeshuka anapanda tena. Hata kama mmegombana, hata kama mmetukaniana mama njia nzima, unapanda. Sijui nani alianzisha hivyo. Tuliikuta.

Mtu wangu wa kamba alikuwa wa ukoo wa Maniema, Mwislamu, mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Babu yake alizaliwa pwani kabisa, akaja huku na biashara, akaoa, akasahau kurudi. Kwao walikuwa bado na maneno ya pwani ndani ya nyumba kama watu wenye vikombe wasivyovitumia. Juu ya Mgongo, kabla ya kushuka, yeye alisali, na mimi Mkatoliki wa Krismasi nilivuta tumbaku upande ambao upepo hautampelekea moshi. Miezi ya baridi, asubuhi, ukungu unajaa bondeni mpaka huoni mto wala miti, unaona weupe tu unaotulia na kujisogeza, na Mgongo umesimama katikati yake. Yeye alimaliza kusali, akakunja mkeka, akatazama. "Angalia," aliniambia, "pwani imenifuata." Alikuwa hajawahi kufika pwani. Mimi pia. Tulikaa tukaitazama mpaka jua likainywa yote.

Mke wake, Mungu amrehemu, alinifanyia mzaha mpaka siku zake za mwisho. Nikija kumchukua mume wake alfajiri alipiga kelele majirani wasikie: "Mbanda yangu amekuya!" Mbanda ni mke mwenza. "Kuya umuchukue bwana yako, mi nilimulisha tayari!"

"Alilala muzuri?" nilimuuliza.

"Alilala gani? Alikuwa anakaza kamba mu ndoto. Alivuta blanketi yote, mi nikabaki kama kuku ya mvua."

"Ile kamba ni yangu, mama. Blanketi njo yako."

"Ah! Basi tugawane: weye chukua mikono, mi nibakie na masikio, anisikilizaka."

Alicheka mume wake pia, lakini kwa macho tu. Alikuwa na kitu kimoja anachokitaka, na alinieleza siku moja tulipokuwa tumekaa chini ya kilima, kinga yake tayari imeegemezwa, yangu bado iko juu inangoja. Alikuwa anatazama njia tuliyotoka kuishuka.

"Vieux," aliniambia, yaani mzee kwa Kifaransa, tuliitana hivyo tangu tukiwa vijana. "Mi nilishukaka hiki kilima maisha yangu yote, na siku hata moja sijashuka."

"Na hapa uko wapi? Uko juu?"

"Hapana. Weye njo ulinishusha. Kila siku unanishushaka. Mi ninataka kushuka peke yangu, mara moja tu, bila muntu nyuma, bila muntu kuniambia kaza, legeza. Nisikie ile kilima inakuwaka namna gani."

Nilicheka. "Utasikia mawe mu meno."

"Na siku ile nitashuka peke yangu," alisema, "sitapanda tena."

"Na kinga yangu nani ataishikilia?"

"Utatafuta muke ingine."

Tukacheka, tukasimama, tukapanda kuichukua kinga yangu. Lakini tangu siku ile nilijua, kila tulipofika juu na mimi nikafunga kamba, kwamba ninamfunga mtu anayetaka kwenda. Alirudia maneno yale mara nyingi, na siku zote kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kununua chumvi.

Utasema: si angepanda tu siku moja na kinga nzima, yenye pedali, akashuka, akamaliza hamu yake? Hapo hujui watu wetu. Mtu mzima, baba wa watoto, mwenye ndevu, apande Mgongo bila mzigo ili ashuke bure? Angeonekana. Wapikaji wangemwona, wanawake wa mtoni wangemwona, na jioni Hewa Bora yote ingejua kwamba fulani anacheza. Watu wangekuja kumwuliza mke wake kama analala vizuri. Kilima kinapandwa kwa kazi. Hicho ndicho kilichomshika, kuliko kamba yangu.

Nasema mbele, ili usikae na moyo juu: siku aliposhuka peke yake hakuanguka. Watu wananiuliza hivyo kila mara, wanapunguza sauti, wanafikiri nazunguka kwa sababu ya msiba. Hakuna msiba. Watoto wake wenyewe walikuja kwangu, wakakaa, wakauliza baba yao alikwenda wapi, nikawaambia nilichokiona. Tulienda nao mpaka mtoni, tukauliza wanawake wanaofua, wakasema ndiyo, mzee mrefu alipita, aliwasalimia vizuri, aliuliza kama maji ya mto ni ya baridi. Basi. Kuna anayesema alionekana Kasenga kwa wauza samaki. Mwingine anaapa kwamba yuko pwani kabisa, amezeeka kwa furaha, anauza kahawa asubuhi kwa watu wasiojua anatoka wapi. Mimi sisemi ndiyo wala hapana. Najua tu nilichokiona kutoka juu.

Miaka ilipita. Msitu ulirudi nyuma, wapikaji wakaufuata, halafu magari yakaanza kwenda kuchukua makala huko mbali, na pikipiki, na sisi tukabaki na magoti yetu. Mke wake alifariki. Yeye alikaa mbele ya nyumba Hewa Bora akiziba mipira ya kinga za watu, na mimi nilikaa naye, maana mimi nilikuwa sina hata hilo la kuziba. Tuliongea kidogo. Mara nyingine alisimamisha mkono, mpira uko ndani ya beseni la maji unatoa mapovu, akatazama upande wa Luano muda mrefu. Mapovu yaliendelea kutoka.

Ndipo wakaja vijana fulani. Jumamosi, asubuhi, gari kubwa limebeba kinga juu ya paa kama mtu amebeba kuku kichwani. Walishuka wamevaa nguo za kubana, zenye rangi za pipi. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja anayefanya kazi kwenye maabara ya mgodi, msichana wa adabu, aliinama kutusalimia kwa mikono miwili.

"Yambo bapapa. Banatuambia nyie munajuaka njia zote za huku ngambo ya Luano."

"Njia iko mingi," nilisema. "Munatafuta ya kwenda wapi?"

"Si ya kwenda mahali, papa. Njia tu. Ya milima, ya mawe. Siye tuko club, kila posho tunatafuta njia ya mupya."

Posho ni Jumamosi. Mwenzangu aliweka chini mpira aliokuwa anauziba. "Munabebaka nini?" aliuliza.

"Hatubebake kintu, papa."

"Hata makala?"

"Hata."

"Hata mihogo kidogo, ya kutia uzito?"

Vijana walianza kucheka. "Maji ya kunywa tu, papa."

"Sasa munapandaka kufanya nini?"

Kijana mmoja mwenye ndevu fupi akajibu bila kufikiri: "Kushuka!"

Mwenzangu alinigeukia. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. "Vieux, unasikia? Bantu banapandaka juu ya kushuka, kushuka tu. Bantu bakubwa, ba kazi, ba masomo. Na hakuna mwenye kubacheka."

"Mi nabacheka," nilisema.

Lakini alikuwa amesimama tayari anatafuta viatu.

Tuliwaonyesha njia zetu Jumamosi kadhaa. Tulikaa kwenye gari, mbele, kama machifu. Ya vichuguu waliipenda mpaka wakaipita mara mbili, wanapiga miluzi. Ndege ilipita ikawafunika na kivuli chake, na wao wakainua mikono wakaisalimia. Ya matofali waliona ni rahisi. Nilitaka kuwaambia hiyo ni ya kulala, haipitwi hivyo, lakini ungeelezaje jambo kama hilo kwa mtu aliyevaa miwani ya rangi ya chungwa. Ya mto waliogopa nyoka. Mwenzangu hakusema jina la Mgongo. Mimi pia sikulisema. Nilijua likishatoka mdomoni itakuwa imekwisha, na mimi nilikuwa nimezoea kukaa naye pale mbele ya nyumba. Ni yeye aliyelisema mwishowe, kwa ile sauti yake ya chumvi: "Iko na kilima kingine. Mugumu."

Ilikuwa mwisho wa kiangazi. Majani yamechomwa, ardhi nyeusi, na miti imeanza kutoa majani mapya mekundu kabla ya mvua, kama inavyofanya kila mwaka bila kuombwa. Gari liliachwa chini, karibu na ule mti wetu wa kuegemeza. Vijana walisukuma kinga zao kwenda juu wakihema. Sisi wazee tulipanda mikono mitupu, na nilistaajabu, kilima kilikuwa kirefu zaidi bila mzigo. Mzigo unakupa kitu cha kufikiria.

Juu, mwenzangu alisali. Vijana wakangoja, dada yule akatoa kaske yake, ile kofia ngumu ya kinga, kichwani kama kanisani. Mwenzangu alipomaliza, alikunja kofia yake akaitia mfukoni, akamwendea yule dada.

"Binti yangu, ninaomba kinga yako. Nishuke mi wa kwanza."

Dada alinitazama mimi, kama mtu anayemwomba mke ruhusa. Nikatazama mawe.

"Papa, unajuaka kupanda?"

"Nilijuaka mbele ya kuacha."

Wakamvika kaske. Wakamwonyesha freni, hii ya mbele, hii ya nyuma, usiikamate ya mbele peke yake, papa, itakutupa. Alizibonyeza na kuziachia, alizibonyeza na kuziachia, anatabasamu, kama mtu anayeshikana mkono na mgeni muhimu. Akainua mguu, akakaa. Miguu yake ilikuwa mirefu, magoti yalifika karibu na usukani, na vijana walikuwa wanamhimiza aende: allez, papa, allez!

Gurudumu likaanza kuzunguka. Na mimi, kabla ya kujua, nilikuwa nimeshaikamata kinga. Mikono yangu yote miwili iko chini ya kiti, mwili wangu umekaa nyuma juu ya visigino, meno yamekazwa. Sikuamua. Mwili uliona kinga inaanza kushuka Mgongo na mtu yuko mbele, ukafanya kazi yake. Kinga ikasimama ghafla, yeye akaenda mbele kwa tumbo mpaka kwenye usukani, kaske ikamshukia machoni.

Vijana walicheka. Kijana wa ndevu fupi alikaa chini kabisa, anajipiga mapaja. "Papa! Unafanya nini?"

"Namushikilia," nilisema.

"Unamushikilia juu ya nini? Freni iko!"

"Anashuka," nilisema. "Anashuka na hakuna muntu."

Nikaona hata mimi ni upuuzi, lakini vidole havikufunguka. Mwenzangu hakucheka. Alirudisha kaske mahali pake, akanyanyuka polepole, akageuka nusu, akaniona bado nimekaa juu ya visigino kama mtu aliye chooni. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu. Ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Vieux. Acha."

"Utaanguka."

"Nitaanguka kwangu mwenyewe."

"Na mi nibakie hapa namna gani?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu kweli anapoulizwa. "Utaniangalia," alisema. "Siku hata moja hauniangaliaka. Unaangaliaka kamba."

Niliachia kidole kimoja kimoja. Mwishowe mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine, sio yangu. Aliisogeza kinga mbele hatua chache, mbali nami, kama mtu anayetenga kisu na mtoto, akaketi tena, na hakusema allez wala bismillahi kwa sauti. Akaenda.

Nilimwangalia. Kweli, sikuwahi kumwona akishuka. Nilijua mgongo wake tu, shati lake lenye jasho, na sauti. Sasa nilimwona mzima, anakuwa mdogo. Kwenye kona ya kwanza aliweka mguu chini, mawe yakaruka, akaondoka nayo. Kwenye ya pili hakuweka mguu. Vumbi lilisimama nyuma yake na halikuanguka, lilibaki angani limechora njia, likafanana na moshi wa matanuru zamani, na yeye alikuwa ndani na nje ya vumbi, anaonekana, hapana, anaonekana, na ilinijia kama usingizi ule wa njia ya matofali, kwamba ninaota na mikono yangu bado inasukuma kitu. Miti yenye majani mekundu ilimpisha. Kinga haikulia kwii kwii. Haikuwa na sauti yoyote. Alichukua muda mrefu sana, au muda mfupi, siwezi kusema. Mimi nilizoea Mgongo wenye kamba, ambao ni nusu ya asubuhi. Halafu njia ilinyooka, na yeye alinyooka nayo, miguu ameitoa kwenye pedali na kuinyoosha pembeni kama mtoto, na akafika chini.

Vijana walipiga kelele, wakapanda kinga zao, wakashuka mmoja mmoja. Dada yule hakuwa na kinga, alisimama karibu nami.

"Papa, tushuke na miguu?"

"Weye shuka," nilisema. "Mi namungoja. Atapanda."

"Atapanda kufanya nini? Hauna kinga ya kushusha."

Alisema kweli. Sikuwa na kinga, wala mfuko, wala kitu cha kufungwa kamba. Lakini aliyeshuka anapanda. Nilikaa juu ya jiwe, pale nilipokuwa nikivutia tumbaku. Dada akanitazama kidogo, akaniachia maji yake, akashuka.

Chini niliona wote wadogo kama wadudu wa rangi. Walimzunguka, walimpiga mabega, mmoja alimpiga picha. Yeye alivua kaske, akampa mtu. Aliiegemeza kinga kwenye mti wetu, kwa uangalifu, kama ina mzigo. Alijipangusa suruali. Akavaa kofia yake. Halafu akageuka akatazama juu, kwangu, na mimi nikasimama ili anione vizuri. Hakupunga mkono. Alitazama tu, muda kama wa mtu anayesoma kibao cha barabarani, halafu akageuka, akapita katikati ya vijana, akalipita gari, akashika njia ya mtoni. Alitembea mikono nyuma, bila haraka, na sikuona akigeuka tena.